Kabati Lililokaa Pogo

Ukuta wa kushoto, kina sentimita thelathini na moja.
Ukuta wa kulia, ishirini na tisa na nusu.
Nikapima tena, nikidhani futi imenidanganya.
Nikapima kwa uzi, nikapima kwa shubiri.
Kabati la mama limekaa pogo,
na limekaa hivyo tangu mimi sijazaliwa.

"Ni bomba la gesi," akasema Lamara, mama yangu,
kutoka kwenye kiti chake cha dirishani.
"Baba yako alipolijenga, bomba lilikataa kuhama.
Basi kabati likahama."

Hapa ni Kutaisi, ghorofa ya saba,
jengo la zege ambalo lifti yake hula sarafu
na siku nyingine ikishashiba haipandi.
Jikoni kwetu wakiingia wawili
wa tatu ni mvuke.

Masanduku ya plastiki niliyonunua sokoni
yaliingia nusu, yakabaki makalio nje,
kama mbuzi waliokwama kwenye ua.
Nikasukuma. Moja likapasuka.
Mama alicheka, kisha akaacha kucheka,
akapeleka mkono kabatini kunionyesha,
akaangusha chupa ya siki,
na hapo nikakiona alichokuwa akinificha:
pilipili alikuwa akiitafuta kwa pua.

Daktari ameutaja ugonjwa kwa jina refu.
Mama anauita *jioni*.
"Jioni yangu imefika kwenye kingo," husema,
"katikati bado kuna mchana kidogo."

Gocha, muuza matunda wa chini, akanipa makreti matatu,
mbao zake nyembamba kama biskuti,
zingali zinanuka machenza.
Nikakata kibarazani, mvua ya Novemba ikinipiga mgongoni,
kwa msumeno wa baba wenye meno yaliyolala.
Gundi ikaganda kwenye vidole, kwenye nywele,
kwenye mkate pia, mama anaapa.

Sikunyoosha kitu.
Bati la kabati, bomba, ukuta, vyote nikaviacha na ukaidi wao,
nikapinda masanduku:
kila moja fupi kuliko jirani yake
kwa unene wa kucha tatu,
mgongo umekatwa mshazari kuufuata ukuta.
Nikaviringisha msasa mpaka pembe zikawa laini
kama sabuni iliyotumika.

Mbele nikagongomea vishikio:
kifungo cha koti la baba kwa uwatu,
ganda la jozi kwa jozi zenyewe,
ugwe uliofundwa kwa maua ya manjano
tunayoyasaga badala ya zafarani.
Kwenye chumvi sikuweka kitu.
Chumvi, alisema, inajijua.

Kisha nikayachanganya yote mezani, nikamwita.
Akalichukua la giligilani, akalichomeka mwisho kulia.
Likatokeza. Akalitoa.
Akalichomeka pengine. Likazama.
Akalitoa tena, midomo imebana,
na mara ya tatu likasimama sawasawa na mlango,
likasema *tap*, kwa sauti ndogo.

Akaupitisha mkono mbele ya mbao zile, taratibu,
kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto.
"Hakuna linaloweza kukaa kwa mwenzake," akasema.
"Hakuna, mama."
"Kumbe yule mtu hakukosea."
Sikumjibu. Baba alikosea, tena sana,
alikosea sentimita moja na nusu
na miaka mingine ambayo hatuihesabu.

Usiku nikasikia nyayo zake, birika, kisha *tap*.
Mstari wa chini ya mlango haukuwa na mwanga.
Nikalala.

Sanduku la saba nililiharibu kwa wanda mzima,
haliingii popote.
Liko juu ya friji, lina mishumaa na betri
na risiti za gesi,
na mama, akilihitaji,
analiita kwa jina langu.
"Nipe hiyo Natela," husema,
akinyoosha mkono upande ambao siko.